Seva Zihame, Dhamana Ibaki

Limezuka neno jipya katika ofisi zetu, nalo ni "wingu". Mkuu wa idara akiulizwa kwa nini tovuti ya idara yake haikufunguka juma zima, hujibu kwamba wako mbioni kuhamia winguni. Meneja wa kampuni akiomba fedha za mwaka ujao, huandika kwamba seva zitaondolewa katika kituo cha data zilikopangishwa na kupelekwa winguni. Neno lenyewe ni tamu, na wenye kulitamka hulitamka kana kwamba kwa kulitaja tu jambo limekwisha. Sisi tunaona kwamba safari hiyo ni njema kwa sehemu kubwa. Walakini imeanza kusemwa kwa wepesi usiolingana na uzito wake, na kwa hiyo tumeonelea tuizungumze hadharani, hasa kwa faida ya wale ambao kazi yao ni kutia saini.

Yaliyotusukuma kuandika haya tuliyaona Laela, mkoani Rukwa, mji ulioko katika barabara kuu itokayo Tunduma, kilometa zipatazo 95 kabla ya kufika Sumbawanga. Ulikuwa msimu wa kuuza mahindi. Nje ya ofisi ya kampuni moja inunuayo nafaka walisimama wakulima wapatao ishirini, kila mmoja na karatasi yake ya mizani mkononi. Mahindi yao yalikwisha pimwa na kuingizwa ghalani. Kilichobaki ni malipo. Dirishani kijana karani alikuwa akirudia maneno yale yale: mtandao uko chini. Tulipouliza ni kitu gani hasa kilichokuwa chini, tuliambiwa kwamba seva ya kampuni haipo tena Dar es Salaam ilikokuwa, imehamishwa, iko winguni. Na wingu hilo liko wapi? Kijana hakujua. Mkubwa wake naye hakujua. Mzee mmoja katika foleni, aliyekwisha kukaa chini kwa kuchoka, alisema taratibu kwamba zamani daftari la mnunuzi lilikuwa mezani, na kila mtu aliliona likifunguliwa.

Kwa haki ni lazima tuseme pia habari ya hapo awali, kwani mzee yule alisema kweli lakini hakuisema yote. Karani mwenyewe alitueleza kwamba seva ya kwanza ya kampuni ilikaa katika chumba cha nyuma mjini Sumbawanga, chini ya meza, pamoja na vumbi na magunia matupu. Umeme ulipokatika ilizimika; uliporudi kwa kishindo, siku moja ilikufa, na hesabu za msimu mzima zikafa nayo. Ndipo wakakodi nafasi katika kituo cha data Dar es Salaam, na baadaye wakaiacha nafasi hiyo kwa ajili ya wingu. Kwa hiyo hatuandiki ili kumtaka mtu yeyote arudishe mashine chini ya meza. Hilo la hasha.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba aweza kuuliza Laela yamhusu nini yeye aliyezungukwa na bahari. Yamhusu sana. Mkoa wa Rukwa kwa miaka mingi umepata umeme wake kutoka Zambia, kwa njia ivukayo mpaka. Ukame ulipoyashusha maji ya Kariba mwaka 2024, Zambia yenyewe ilikaa gizani saa nyingi kila siku, na kila mwenye mashine ya kusaga upande huu wa mpaka alikuwa na sababu ya kuitazama mvua ya nchi ya jirani. Njia mpya ya umeme kutoka Iringa, kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ilibuniwa kwa sehemu kwa sababu hiyo: mkoa usitegemee kamba moja.

Wazanzibari hawahitaji kufundishwa habari ya kamba moja. Waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba uliwekwa mwaka 1980, na watu wakauzoea hata wakausahau. Mwezi Mei 2008 Unguja ilizimika kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikazimika tena, na safari hii giza lilidumu kama miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, akina mama wakatafuta visima, na mwenye duka la samaki akatupa alichokuwa nacho. Pemba wakati ule ilikuwa bado na mashine zake za dizeli za Wesha, na kwa hiyo haikuingia katika giza lile; ilikuja kuungwa na Tanga baadaye, mwaka huo huo wa 2010. Waya mpya wa Unguja wenye uwezo wa megawati 100 ulikamilika mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani kupitia shirika lake la MCC, na ni mpango huo huo wa msaada uliogharimia lami ya barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga inayopita Laela. Hivyo basi mkulima wa Ufipa na mvuvi wa Unguja wameunganishwa na mambo mengi kuliko wanavyodhani.

Sasa tuseme wingu ni nini, kwa maana wengi hulizungumza bila kuulizia. Si kitu kilichoko angani. Ni nyumba kubwa ardhini, yenye maelfu ya kompyuta, mitambo ya kupoza hewa, betri na majenereta, mali ya kampuni ambayo hukodisha nguvu ya kompyuta hizo kwa saa kama vile mtu anavyokodisha trekta. Mpangaji haoni mashine. Hupewa sehemu yake iliyogawanywa kwa programu, akaifunga na kuifungua kwa maneno ya siri. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza biashara hiyo mwaka 2006. Nyumba zao zilizo karibu nasi ziko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua zake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafika Johannesburg mwaka 2024. Mwezi Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza nia ya kujenga kituo Olkaria, Kenya, kitakachotumia mvuke wa ardhini. Mahali pa kujenga huchaguliwa kwa kufuata umeme na nyaya za mawasiliano, kama vile wafua chuma wa Kifipa wa zamani walivyojenga tanuri zao ndefu, malungu, pale penye udongo wa vichuguu na kuni za kutosha. Hakuna muujiza ndani yake.

Faida zake ni za kweli. Kampuni ya Netflix ya Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa ikipeleka filamu kwa posta, ilipata hitilafu katika hifadhi yake ya data mwezi Agosti 2008, ikashindwa kwa siku tatu kupeleka mzigo kwa wateja. Ndipo ikaamua kuacha vituo vyake yenyewe. Jambo ambalo wasimuliaji wa hadithi hiyo hulipitia haraka ni kwamba kazi ya kuhama ilimalizika Januari 2016. Ilichukua miaka saba na ushei, kwa kampuni yenye wahandisi wa kuchagua. Hapa kwetu tunaona maandiko ya miradi yanayoahidi kumaliza katika robo moja ya mwaka.

Serikali yetu nayo haikulala. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, ikageuzwa kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019; Zanzibar nayo inayo Mamlaka yake ya Serikali Mtandao. Kituo cha Taifa cha kuhifadhi data kikajengwa Kijitonyama, Dar es Salaam. Mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017 umemwezesha mwananchi wa Laela kulipa ada kwa simu, kwa kumbukumbu namba, badala ya kumpa mtu fedha mkononi na kusubiri stakabadhi ambayo pengine haikuja. Kukusanya mashine za umma mahali pamoja panapolindwa na wenye ujuzi kumeokoa fedha nyingi, na kumeziondoa seva katika vyumba ambavyo ufunguo wake alikuwa nao mfagizi.

Walakini kukusanya kuna hatari yake, na mfano mkubwa umetokea katika nchi yenye ujuzi kuliko wetu. Tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Daejeon, Korea Kusini, moto ulizuka katika kituo cha data cha Serikali ukianzia katika betri. Mifumo 709 ya Serikali ilisimama. Ndani ya kituo hicho ilikuwamo hifadhi ya pamoja ambamo watumishi wa umma waliweka nyaraka zao za kazi, nayo iliungua na terabaiti 858 za kumbukumbu. Hapakuwa na nakala mahali pengine, kwa maelezo kwamba hifadhi ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Tunaomba kila Katibu Mkuu ayasome maelezo hayo mara mbili. Hifadhi ile ilikuwa ni wingu la Serikali kwa kila maana ya neno hilo, na watumishi walikuwa wamehimizwa wasiweke kitu katika kompyuta za mezani.

Wala mtu asidhani kwamba kumpa mgeni mwenye jina kubwa kunaondoa hofu. Mwezi Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya laki sita, uliamka ukakuta wingu lake binafsi katika huduma ya Google limefutwa kwa kosa la upangaji lililofanywa na upande wa Google. Mfuko ulikuwa umelipia nakala katika maeneo mawili tofauti. Yote mawili yakafutwa pamoja, kwa kuwa yalikuwa chini ya usajili mmoja. Wanachama walikaa kama juma moja bila kuweza kuangalia fedha zao. Kilichowaokoa ni nakala nyingine waliyokuwa wameiweka kwa kampuni tofauti kabisa. Aliyeshauri gharama hiyo ya ziada bila shaka aliwahi kuulizwa kikaoni kwa nini walipe mara mbili.

Turudi kwa karani wa Laela. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Komoro na nchi nyingine zikahisi. Siku hiyo tofauti ya mahali seva ilipo ilikuwa tofauti ya kufanya kazi na kutofanya. Mawasiliano baina ya mashirika ya simu ya nchini yaweza kubadilishwa humu humu bila kuvuka bahari. Kwa hiyo tovuti iliyoko Dar es Salaam iliweza kufikiwa na mtu wa Mbeya, hali ile iliyoko Cape Town au Ulaya ilitegemea njia ndefu za kuzunguka, zilizokuwa zimejaa. Mwenye kampuni aliyeuliza "wingu liko wapi" kabla ya kutia saini alijua la kuwaambia wateja wake. Asiyeuliza alisema mtandao uko chini.

Na hapa ndipo tunapotaka kusimama, kwa sababu ndipo penye dhuluma ndogo ndogo ambazo hazifiki katika ripoti. Mkulima amekwisha toa mali yake. Yeye ametimiza upande wake. Ikiwa mnunuzi ameamua kwa faida yake kuhamisha daftari hadi ng'ambo, basi hasara ya siku ambayo daftari halionekani haiwezi kuwa ya mkulima. Mwenye dhamana ya amana hawezi kujitetea kwamba sanduku alilipeleka kwa jirani. Katika mfumo wetu wa stakabadhi ghalani jambo hili linafahamika vizuri: mazao yako ghalani, lakini karatasi iko mkononi mwa mkulima, na karatasi hiyo ni haki yake hata kama mlinzi wa ghala amelala. Kwa nini basi kumbukumbu ya deni lake iwe mahali pamoja tu, pasipofikika?

Ufundi wa kuzuia hilo upo, wala si wa gharama kubwa. Ofisi ya dirishani yaweza kuwa na kompyuta ndogo inayohifadhi mizani na malipo ya siku, ikayapeleka winguni njia ikifunguka. Mashine za kukusanyia ushuru katika halmashauri zetu zimeundwa hivyo: hufanya kazi bila mtandao na kupeleka hesabu baadaye. Kweli, nazo zina ugonjwa wake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekuwa akizitaja mara kwa mara katika ripoti zake mashine zinazokaa nje ya mtandao muda mrefu bila maelezo, na sote twajua fedha huenda wapi mashine ikinyamaza. Lakini dawa yake ni usimamizi wa kuuliza kila jioni mashine ipi haijaleta hesabu. Dawa si kuifanya kazi yote ya dirisha itegemee waya unaopita chini ya bahari.

Kuna suala la fedha pia, ambalo hufichwa nyuma ya maneno ya kitaalamu. Wingu la nje hulipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilikwisha pita 2,600. Kampuni iliyokuwa ikilipa dola 1,000 kwa mwezi ilijikuta ikitoa shilingi laki tatu zaidi kila mwezi bila kuongezewa hata chembe ya huduma. Zaidi ya hayo, kodi ya wingu haina kikomo kama ya chumba: mashine iliyosahauliwa ikiwa wazi huendelea kuhesabiwa, na data hutozwa inapotoka, mara nyingi si inapoingia, jambo ambalo mpangaji hulitambua siku anapotaka kuhama. Kampuni ya Marekani iitwayo 37signals ilikuta imelipa dola milioni 3.2 kwa mwaka 2022, ikafanya hesabu, ikanunua mashine zake na kurudi katika kituo cha kukodi. Hatusemi kila mtu aifuate. Kampuni ndogo ambayo tovuti yake hujaa watu mwezi mmoja wa mavuno na kukaa tupu miezi iliyobaki, hakika itapata nafuu winguni. Shirika ambalo kazi yake ni ile ile mwaka mzima laweza kukuta kwamba limeuza shamba ili likodi shamba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti kwa anayepeleka taarifa za watu nje ya nchi. Tungependa kuamini kwamba kila aliyehamisha seva tangu wakati huo ameisoma.

Juu ya namna ya kuhama, tunataja jambo moja tu kwa sababu tumeona likiharibiwa. Anwani ya tovuti ni kama jina la duka. Nyuma ya jina hilo kuna namba inayoonyesha duka liko wapi, na kompyuta za dunia huikariri namba hiyo kwa muda uliowekwa na mwenye duka, pengine siku nzima. Anayehama bila kuupunguza muda huo mapema, huwaacha nusu ya wateja wakigonga mlango wa zamani. Kwa hiyo fundi mwangalifu huupunguza hadi dakika tano siku kadhaa kabla, huziendesha seva za zamani na mpya sambamba, hulinganisha hesabu za pande zote mbili, ndipo hubadilisha namba, tena usiku wa siku ambayo si ya malipo. Seva ya zamani haizimwi siku hiyo wala juma hilo. Na hata baada ya kuzimwa, diski zake hazitolewi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu zikiwa na majina ya watu ndani. Kazi hii yataka watu watulivu na saa za kutosha. Mara nyingi huharibika kwa sababu mkubwa ametaka tarehe ilingane na sherehe ya uzinduzi.

Twajua watendaji wetu wengi hawakusomea kompyuta. Nasi hatukusomea. Lakini kuuliza maswali hakuhitaji shahada. Bodi ya kampuni, kamati ya fedha ya halmashauri, au kamati ya Baraza la Wawakilishi inapoletewa ombi la fedha za kuhamia winguni, na iulize nyumba yenye mashine hizo iko katika mji gani. Iulize ni mtumishi yupi, kwa jina na cheo, mwenye maneno ya siri ya akaunti kuu, na nani mwingine anayo iwapo huyo akihama au akifariki. Iulize nakala nyingine iko kwa nani, na kama akaunti yake ni tofauti. Kisha itake kuonyeshwa siku ambayo nakala hiyo ilirudishwa kwa majaribio na hesabu zikasomeka. Isiletewe cheti cha kampuni, iletewe tarehe na matokeo. Kama jaribio halijafanyika, ombi lirudishwe hadi lifanyike.

Kuhusu wakulima wa Laela, tuliondoka pale saa kumi jioni. Mawasiliano yalikuwa yamerudi kiasi cha robo saa kabla, na watu wanane walikwisha lipwa. Waliobaki waliambiwa waje kesho yake, na baadhi yao walikuwa wa vijiji vya mbali ambavyo nauli yake ya kwenda na kurudi hula faida ya gunia. Kampuni ile ikiwa inasoma gazeti hili, tunaitaka iwarudishie nauli hiyo, na iweke dirishani kijitabu cha kuandikia deni la kila mkulima kwa wino, chenye nakala mbili, moja yake, moja ya mwenye mahindi.